Kidole cha Mama

Januari 2020 mama yangu alipanga foleni siku mbili mjini Manyoni ili laini yake ya simu isifungwe. Serikali ilikuwa imeagiza laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Kazi hiyo ilianza tarehe 1 Mei 2019, mwisho ukawekwa tarehe 31 Desemba, kisha Rais Magufuli, alipokwenda kusajili laini yake mwenyewe kule Chato siku chache kabla ya mwaka kuisha, akaongeza siku ishirini. Kwa hiyo tarehe 20 Januari ilisubiriwa kama kiama. Mama anauza chai na chapati karibu na stendi. Wateja wake ni madereva wa malori, makondakta na wasafiri wa Singida, Tabora na Dodoma, na nusu ya malipo yake huingia kwa simu. Laini ikifungwa, na biashara imefungwa.

Wakala alikuwa kijana aliyekaa chini ya mwavuli, ana meza ya plastiki na kidude cha kusomea vidole. Mama akaweka kidole gumba. "Haijasoma, mama. Weka tena." Akaweka. "Tena." Akafuta kidole kwenye khanga, akaweka cha shahada, akaweka cha mkono wa kushoto. Miaka thelathini ya kusugua masufuria kwa majivu na kugeuza chapati kwa mkono imezila alama zake, au ndivyo alivyoamini, na aliwaonea haya waliokuwa nyuma yake kwenye foleni. Kwa hesabu yake aliweka kidole mara tisa. Mwishowe kijana akasema tayari, akamshukuru, akaita anayefuata.

Agosti 2022 alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa askari wa upelelezi kutoka mkoa mwingine. Alitaja majina yake matatu na mwaka wake wa kuzaliwa. Akamwambia kuna namba imesajiliwa kwa jina lake, imetumika kumtapeli mzee mmoja shilingi 380,000, na anatakiwa kuripoti kituoni ndani ya siku tatu. Mama alidhani huyo naye ni tapeli. Akakata simu, akanipigia mimi.

Nilimwambia abonyeze *106# afuate maelekezo mpaka aone laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Baada ya dakika chache alipiga tena. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Hivi mimi nina laini ngapi?"

Alikuwa na mbili. Orodha ilionyesha tano.

*

Nimesomea historia, na mtu wa historia akipatwa na jambo hukimbilia kuuliza lilianza lini. Katika familia yetu habari za simu zilianza na babu, baba yake mama.

Manyoni ni mji wa reli. Kabla ya reli, watu wa njia ya misafara waliijua zaidi Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na ilipopita Manyoni, uzito wa eneo zima ukahamia huko. Kando ya reli zilisimama nguzo na nyaya. Wazee wetu waliposema "nimepata simu" mara nyingi walikuwa na maana ya ujumbe wa maandishi uliopita kwenye waya, na stesheni ilikuwa mahali pa kupokelea habari kama ilivyokuwa mahali pa kupandia treni.

Babu alikuwa opereta wa swichibodi ya posta miaka ya sabini na themanini. Aliajiriwa wakati posta na simu zilikuwa za Afrika Mashariki nzima, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akajikuta mtumishi wa Shirika la Posta na Simu Tanzania bila kuhama kiti. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mwenye simu anazungusha mkono wa simu yake, babu anachomeka waya na kuuliza namba, kisha anachomeka waya wa pili kuwaunganisha. Kama ni simu ya mbali, anaomba Dodoma, na Dodoma wanaomba mbele. Asiye na simu nyumbani anakuja posta, analipa, anasubiri kwenye benchi mpaka aitwe aingie kibandani. Ili kujua kama mazungumzo yamekwisha, opereta alilazimika kutega sikio kila baada ya muda. Waswahili walishasema siri ya mtungi aijuaye kata, na babu alikuwa kata ya mji mzima.

Alijua nani anadaiwa na duka la Dodoma. Alijua nani amefiwa kabla mfiwa mwenyewe hajaambiwa, na mkubwa gani anahamishwa. Bibi anasema kila alipomchokoza kwa maswali alijibu neno moja tu: "Mimi naunganisha waya." Siku tuliyomzika, mwaka 2004, mama mmoja wa makamo alimvuta bibi pembeni akamwambia, "Mzee huyu alibeba jambo langu tangu mwaka 1981. Nilikuwa naogopa kila nikimwona sokoni. Hakuwahi hata kuniangalia vibaya." Hakusema jambo lenyewe, na sisi hatukuuliza.

Sisemi kwamba zamani ndiko kulikuwa kuzuri. Masharti ya kazi yalimbana babu asitoe mazungumzo ya watu, lakini kama angekuwa mtu wa aina nyingine, yule mama angejuaje ni nani aliyemuuza, na angelalamika wapi? Kilichomlinda ni tabia ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti kile. Angeweza kupata mbaya zaidi, na katika miji mingine bila shaka wapo waliopata.

*

Kidole nacho kina historia yake huku kwetu. Nchini Kenya serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba kipande chenye jina lake, alama za vidole na habari za ajira yake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Watu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Huku Tanganyika neno hilohilo, kipande, lilikuwa kadi ya kibarua ya kuhesabia siku zake 30 za kazi. Kule Kenya kidole kilichukuliwa ili mtu akitoroka kazini apatikane. Kumlinda hakukuwa sehemu ya mpango.

Kitambulisho cha taifa si kipande. Mimi mwenyewe nimekitumia kufungua akaunti ya benki na kuomba mkopo wa chuo, na nisingependa kurudi kwenye barua za mtendaji wa kijiji. Lakini swali ni lilelile: alama ikishatoka kwenye mwili wa mtu ikaingia kwenye daftari la mwingine, nani ana mamlaka juu yake?

Wamarekani walilikabili swali hilo kupitia simu. Mwaka 1928, katika kesi ya Olmstead, Mahakama ya Juu ilisema polisi wanaosikiliza waya wa simu wakiwa nje ya nyumba hawajamkosea mtu haki yake, kwa sababu hawakuingia ndani. Mwaka 1967 ikageuka. Charles Katz alikuwa akipiga simu za kamari kutoka kibanda cha barabarani mjini Los Angeles, na wapelelezi wa FBI walikuwa wamebandika kifaa cha kunasa sauti nje ya kibanda. Mahakama ikasema Katiba inalinda watu, hailindi mahali, na mtu aliyefunga mlango wa kibanda ana haki ya kutegemea kwamba maneno yake hayasikilizwi. Kila nikiisoma kesi hii naliona lile benchi la posta ya Manyoni. Hata hivyo, ushindi wa aina hiyo unaweza kurudishwa nyuma. Oktoba 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilizitaka kampuni za intaneti ziombe ridhaa ya mteja kabla ya kuuza habari za kurasa anazotembelea. Miezi sita haikuisha: Bunge lao likaifuta kanuni hiyo, na Aprili 2017 Rais Trump akatia saini.

Sisi haki hii tuliiandika mwaka 1984. Mabadiliko ya tano ya Katiba yaliingiza haki za binadamu, na ibara ya 16 ikatamka kwamba kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara hiyo ikaendelea kuagiza kwamba mamlaka ya nchi itaweka utaratibu wa sheria kuhusu hali, namna na kiasi ambacho faragha ya mtu yaweza kuingiliwa.

Napenda kwamba Katiba ilichagua neno faragha, ikaliacha siri. Siri ni kitu unachokificha. Faragha, kwa asili yake ya Kiarabu, ni nafasi iliyoachwa wazi. Mtu asiye na siri hata moja bado anahitaji nafasi hiyo. Ndiyo maana tunapiga hodi hata kwa jirani tunayejua hana cha kuficha, na asipoitika mara ya tatu tunaondoka. Wapo wanaojibu kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini anayezaa huchagua mkunga wake.

Ibara iliandikwa babu akiwa bado kwenye swichibodi. Sheria mahususi ya kulinda taarifa za watu ilikuja miaka 38 baadaye.

*

Katika miaka hiyo 38 kila kitu kilibadilika isipokuwa hilo. Mwaka 1994 Shirika la Posta na Simu liligawanywa, na simu za mkononi zikaanza nchini. Mwaka 2008 simu ikawa pochi. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Sheria hiyo ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: ililazimisha laini zisajiliwe, na ikawabebesha wafanyakazi wa kampuni za simu na mawakala wao wajibu wa kutunza siri za wateja, huku ikifanya kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini kuwa kosa. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyowapa polisi uwezo wa kudai taarifa kutoka kwa wenye mitandao. Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Desemba 2016 baada ya kugoma kutoa taarifa za wanachama wake, na Aprili 2020 mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi.

Sisi watu wa Singida tuna mfano wa karibu zaidi. Tarehe 7 Septemba 2017 Tundu Lissu, wakati huo Mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi nyumbani kwake Dodoma. Akapelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti habari za shauri la kazi lililokuwa London, ambamo mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo, alidai kwamba taarifa za simu ya Lissu, pamoja na mahali alipokuwa, zilipelekwa serikalini katika wiki za kabla ya shambulio. Lissu alitangaza kwamba atachukua hatua za kisheria. Sina cha kuongeza kuhusu nani alimpiga risasi. Ninachojua ni kwamba simu inayokaa kwenye mfuko wa mbunge na ile inayokaa kwenye mfuko wa aproni ya mama zinafanya kazi namna moja: kila inapoongea na mnara, inaacha alama ya mahali ilipo, na alama hiyo iko mikononi mwa kampuni. Wajibu wa kutunza siri ulikuwa kwenye vitabu tangu 2010. Ambacho hakikuwapo ni chombo ambacho mteja angeweza kukiendea na kukiuliza: nani amefungua jalada langu, lini, na kwa ruhusa ya nani?

*

Nilipata ruhusa kazini nikaenda Manyoni. Kabla ya kwenda polisi tulipita ofisi ya kampuni iliyotoa mojawapo ya zile laini tatu. Mama aliomba kujua laini ile ilisajiliwa lini, wapi, na na wakala gani.

"Samahani mama, hizo ni taarifa za mteja," binti wa kaunta akasema. "Ni siri. Labda polisi watuandikie barua."

"Mteja ni nani?"

"Mwenye laini."

"Na jina la mwenye laini ni la nani?"

Binti akatazama kioo cha kompyuta. "Ni lako, mama."

Hakuwa mkorofi. Alikuwa amefundishwa nusu ya sheria, ile ya kunyamaza, na akaitii vizuri kama babu alivyoitii. Nusu nyingine, inayompa mtu haki ya kujua nini kimeandikwa juu yake, ilikuwa bado haijatungwa. Alichoweza kufanya ni kuzifunga laini, na akazifunga.

Katika kituo cha polisi cha mkoa ule wa pili tulimkuta mlalamikaji kwenye benchi. Alikuwa mzee wa miaka kama sabini, amevaa koti la suti juu ya kanzu. Alikuwa amepata ujumbe kwamba mwanawe amelazwa hospitali, atume pesa kwenye namba hii kwa sababu ile nyingine imeharibika. Alipotuma, jina lililotokea kwenye simu yake lilikuwa la mwanamke asiyemjua, lakini akadhani ni la muuguzi. Lilikuwa jina la mama yangu.

Alimwangalia mama kwa muda mrefu. "Ni huyu?" akamuuliza askari.

"Baba, mimi nauza chai," mama akasema.

"Na mimi niliuza mpunga."

Mama aliandikisha maelezo kwa saa mbili. Kisha wakamchukua alama za vidole, vyote kumi, kwa wino na karatasi. Nilijua anachokifikiria kabla hajasema, kwa sababu alishatoa khanga afute mikono, kama alivyofanya siku ile ya mwavuli. Askari alibonyeza kidole cha kwanza mara moja, akakiinua. Mistari ilikuwa pale, myembamba lakini imekamilika. Cha pili. Cha tatu.

"Kumbe vinasoma," mama akasema.

Hatukuzungumza sana njiani. Mara tisa alizowekeshwa kidole alikuwa amezibeba kama aibu yake mwenyewe, kama kwamba mwili wake uliochoka ndio ulioleta usumbufu kwenye foleni. Sasa alikuwa anazihesabu upya. Inawezekana kweli kidude kilikataa mara kadhaa. Inawezekana pia kilikubali mara nne.

Mzee naye nilimfikiria sana. Tunapozungumzia faragha ni rahisi kuigeuza vita kati ya raia na dola, na mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini yule mzee alihitaji taarifa zitolewe: bila kampuni kuwaambia polisi laini ni ya nani, asingekuwa na pa kuanzia. Tatizo ni kwamba taarifa yenyewe ilikuwa ya uongo tangu chanzo, kwa sababu mtu mmoja alikitumia kidole cha mwenzake bila ridhaa. Wizi uliomnyima mama jina lake ndio uliomnyima mzee mpunga wake. Kulinda taarifa za mama tangu mwanzo kungemlinda na yeye.

*

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tarehe 1 Novemba 2022, kama miezi mitatu baada ya safari yetu. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya na Uganda zilishatunga zao mwaka 2019. Sheria yetu inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoko kwa wengine, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kudai fidia. Anayetoa taarifa za watu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini inaweza kufika bilioni 5. Aprili 2024 Rais Samia alizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayopokea malalamiko. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Tito Magoti, ilisema baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23 hayaeleweki vya kutosha, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Na misamaha ipo mipana, ya usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, ambayo kesi kama ya Lissu ndiyo itakayoipima.

Nilimsomea mama sehemu za sheria hiyo jioni moja, akiwa anachambua mchele. Nilidhani atauliza kuhusu faini. Aliuliza, "Yule binti wa kaunta sasa atalazimika kuniambia?"

Nikamwambia ndiyo, kwa maandishi tukiomba.

Tukaandika barua. Nilipomaliza kuichapa nikampelekea na kidau cha wino, kwa mazoea tu, kwa kuwa barua zake zote za kijiji na za kikoba huwa anapiga dole gumba. Alikisogeza kidau pembeni. Alisoma mpaka darasa la saba, mwandiko anao, ila hakuona haja. Akachukua kalamu akaandika majina yake matatu, polepole, herufi moja moja.

Majibu ya barua yalikuja, yakasema laini zilizo kwa jina lake ni mbili, na kwamba zile tatu zilisajiliwa siku moja, Januari 2020, Manyoni. Jina la wakala halikutajwa. Tumeandika tena.

Tangu hapo mama ana desturi yake. Kila tarehe mosi, kabla hajawasha moto wa chai, anabonyeza *106#, anasubiri, anahesabu. Mbili. Ndipo anawasha moto.